Mama Aliyeshindilia Majani

Chebet mjukuu wangu,

Huku Kimulot mvua haikatiki, na ng'ombe wetu amezaa. Unauliza kama nimekipenda kitabu ulichonitumia.

Nikiwa msichana tulisoma kitabu kwa sauti kituo cha kupimia majani chai, tukingoja lori. Humo mama fulani alishindilia majani kikapuni. Tulicheka! Majani yakishindiliwa yanapata joto na kuungua, karani anayakataa. Rafiki yangu Rael peke yake hakucheka.

"Anajua hayo," akasema. "Lakini ana mtoto mgonjwa nyumbani. Anataka kubeba yote mara moja."

Tukausoma ukurasa ule tena.

Kitabu chako pia kina makosa. Jana nilipata moja, nikamwita Rael kabla sijakumbuka kwamba tulimzika.

Ukifunga shule, njoo unibishie.

Kogo yako