Chokaa ya Ukuta wa Ghala

Iyula, Mbozi

Mdogo wangu Zabron,

Mama hajambo, na ng'ombe wake amezaa ndama jike. Kahawa imeanza kuchanua, njia ya kanisani yote inanukia. Huko Nakonde unakula vizuri? Usinidanganye.

Ile picha uliyochora kwenye ukuta wa ghala, Mama akipima kahawa na bwana mwenye tai akiinua gunia kwa kiatu ili mizani isome kidogo, wakubwa wa ghala waliamuru ifutwe wiki ileile uliyokimbia kuvuka mpaka. Walisema inachochea watu. Wakanichagua mimi, dada yako, niipake chokaa kijiji kizima kikitazama. Wakanipa ndoo ya chokaa na pakiti ya chumvi. Nilipaka, Zabron. Uso wa Mama niliufunika mwisho.

Jumapili mvua ya kwanza ilinyesha mchana kutwa. Jumatatu Mama alikuta macho yake yanamtazama pale ukutani, na kile kiatu kimetokeza chote. Wanawake wakatua mizigo, wakasimama naye. Mama akajishika uso, akasema, "Pua amekosea, lakini ni mimi."

Wakubwa wananiuliza hii ni chokaa gani. Unakumbuka nilivyokufundisha tukipaka nyumba kila Krismasi: chokaa bila chumvi haishiki, mvua inaiondoa yote.

Chumvi yao nilikuja nayo nyumbani. Tumeila na maharage.

Dada yako akuombeaye,
Fortunata