Nyama ya Osirua

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo nimekula nyama iliyovaa koti! Mimi Nyakio, na haya meno yangu yaliyobaki.

Cate, mjukuu wangu anayesomea upishi hapa Kitengela, alinifukuza kwa jiko yangu mwenyewe. Ati cucu kaa hapo uone. Nikakaa. Nyama ilikuwa imelala kwa maziwa ya mala usiku kucha. Akaikata vipande vya bapa, akaviponda na chupa ya soda mpaka nikamwuliza hiyo nyama imekukosea nini. Halafu unga wa ngano. Halafu yai. Halafu mkate mkavu aliousugua kwa mkono ukawa kama mchanga — ule mkate nilitaka kurushia kuku! Halafu ndani ya karai, mafuta yakipiga kelele. Ikatoka rangi ya dhahabu. Nje inalia kwa meno, ndani laini kama shavu la mtoto.

Nyama aliileta Muturi, kijana wangu, babake Cate. Anaendesha pikapu, analeta vitunguu kutoka Illasit. Nilimwuliza hii ni nyama ya nani. Akasema ya Osirua. Nikasema huyo Osirua asalimiwe sana, anajua kufuga. Muturi akacheka, na mimi nikacheka. Hata ilikuja ikinuka vitunguu. Nikafikiria kumbe kuna bucha zinatia viungo mapema.

Mchungaji Gakuru alipita baada ya kanisa. Akaiombea, akala vipande vitatu, akaomba cha kubeba. Nikamfungia.

Mwalimu wa ngumbaru alituambia tuandike kila siku, herufi zisitoroke. Leo zinateleza. Vidole vimejaa mafuta.

Jumanne, 5 Agosti

Jirani yangu Naisenya ameniita kwa ua. Lorna wake anakuja likizo Jumamosi! Nimepiga kigelegele mpaka mbwa wakabweka. Huyo Lorna nilimwosha mimi siku aliyozaliwa, mama yake akiwa hajiwezi. Muturi alikuwa kijana mkubwa, alikuwa anambeba mgongoni mpaka dukani. Leo ni askari wa wanyama wa porini, anabeba bunduki, watu wanamwita madam.

Nikamwambia Naisenya, Jumamosi chakula ni kwangu, nyama ya koti. Akauliza koti gani tena. Nikamwambia njoo kesho uonje, usije ukaniaibisha mbele ya mtoto.

Jumatano, 6 Agosti

Nitaandika polepole.

Naisenya alikuja saa ya chakula. Takwenya, nikamsalimia kwa Kimaasai chake. Iko, akajibu, pua tayari iko kwa karai. Nikampea kipande kikubwa kuliko vyote. Akauma. Akafunga macho. Akasema hii ladha anaijua, aliila akiwa msichana, ule mwaka wa kiangazi ng'ombe za baba yake zikaisha.

Nikamwambia haiwezekani, huu ni mtindo wa Cate, ametoa kwa simu.

— Si koti, Mama Muturi. Nasema nyama. Hii ni nyama ya nani?

— Ya Osirua.

— Ya nani?

— Osirua! Mwenye bucha wa huko kwenu. Wewe si ndio Mmaasai, mbona humjui?

Alicheka! Alicheka akashika mbavu, akapiga meza, machozi yakatoka. Nikacheka pia, sijui nacheka nini. Halafu kicheko chake kikakatika kama kamba. Akatema kile kipande kwa mkono, akakiangalia.

— Mama Muturi. Osirua si mtu.

Nikasema nini?

— Ni mnyama. Yule mkubwa wa porini, pembe zimesokotwa, ngozi inaning'inia kwa shingo. Wazee wetu hawakula wanyama wa porini. Lakini huyo, njaa ikizidi, walisema ni ng'ombe tu aliyepotea.

Nilimwita Cate. Akatafuta kwa simu, akanionyesha picha. Pofu! Nimewaona hao kwa nyasi za Isinya miaka yote nikienda soko. Wanasimama kama wazee wa kanisa wanaongoja sadaka. Nimewala! Nimewavalisha koti nikawala!

Ngai! Mchungaji! Nimelisha mchungaji nyama ya pofu, na akaiombea!

Cate akaendelea kusoma, midomo inatembea bila sauti. Halafu akasema, cucu, hata kukaa nayo kwa nyumba ni jela. Na faini ambayo hata tukiuza hii plot haitoshi. Nikamwangalia. Yeye akaangalia friji. Imejaa mpaka mlango haufungi vizuri.

Naisenya aliosha mikono. Aliosha sana. Akiwa mlangoni akasema, Lorna akiniuliza nimekula nini sitamdanganya. Na Muturi pia ni mtoto wangu. Kwa hivyo amua wewe, na uamue kabla ya Jumamosi.

Hakuniaga. Huyo mwanamke hajawahi kutoka kwangu bila kuniaga.

Alhamisi, 7 Agosti

Muturi amekuja. Nilimngoja na mwiko.

Nikamwuliza Osirua ni nani. Akasema, mum, si nilikuambia? Nilisema wazi, nyama ya osirua. Ukasema asalimiwe! Nikadhani unafanya mzaha.

Nilimpiga na mwiko kwa bega. Mzee mzima wa miaka arobaini na kitu. Akasimama tu, akapigwa. Hapo ndipo niliogopa. Muturi akiwa hana makosa hukimbia akicheka.

Nikamwambia kaa. Akakaa. Ikatoka kidogo kidogo, kama mwiba. Kuna watu huko Illasit. Mwanzo walimpea gunia moja la nyama apeleke Kitengela, chini ya vitunguu, harufu isisikike. Halafu mawili. Sasa ni kila safari. Yeye hajui nani anapiga hao wanyama, hataki kujua, yeye ni dereva.

— Dereva wa nini? Wa jela?

— Mum, pikapu inabeba chochote.

— Na tumbo langu? Na mtoto wako msichana, alisimama hapo akiponda hiyo nyama akiimba?

Akashika kichwa. Akasema hata akitaka kuacha, hawezi. Wanajua kwake. Wanajua hapa kwangu. Mmoja wao alimwuliza juzi Cate anasomea wapi.

Nilikaa chini.

Hao watu wamesema jina la Cate! Wakalitaja kwa mdomo wao!

Muturi anataka tuchimbe shimo nyuma ya choo, tuzike nyama yote, Lorna akija apate sukuma wiki na mayai, aende zake. Nikamwambia sawa, tukishazika nyama tutazika na hao watu?

Nilimpea chai. Akanywa. Nikampea ingine. Ni mtoto wangu, nifanye nini?

Ijumaa, 8 Agosti

Sijapika leo.

Nimefungua friji, nikafunga. Nikafungua tena. Naisenya alipita na ndoo ya maji, akasalimia ukuta.

Nikisema, namfunga kijana wangu kwa mkono wangu. Nikinyamaza, siku moja hao wa Illasit watakuja kunyamazisha wenyewe. Nimeomba. Mungu ameniangalia tu.

Nimempigia Muturi. Nimemwambia kesho saa saba uko hapa kwa meza yangu, na usiponiona nikicheka usiniulize.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika jikoni, nimekalia mtungi wa gesi. Ufunguo wa sebule uko hapa kwa kifua, ndani ya sidiria. Atakayeutaka aje autoe.

Lorna alifika na nguo za kazi bado, kijani yote, kofia kwa kichwa. Ati hakutaka kupitia nyumbani kwanza, alitaka kuniona. Amenikumbatia mpaka kitambaa kikaanguka. Mum, umekonda! Nikamwambia nimekonda juzi tu. Naisenya alikuwa nyuma yake, ananiuliza kwa macho. Nikatingisha kichwa, kwamba nimeshaamua. Akaelewa, akarudi kwake akisema ameacha maharagwe kwa moto.

Nilikuwa nimenunua kuku. Cate ameivalisha koti, huku analia ndani ya unga. Lorna akala, akasifu, akauliza mbona hamli nyinyi.

Halafu Muturi akaingia. Akaona ile nguo ya kijani, akageuka kama mtu amesahau kitu kwa gari. Nilikuwa nyuma yake tayari. Nikamsukuma ndani, mimi na mgongo wangu huu mbovu.

Nikawaambia hivi: Lorna, huyu alikubeba mgongoni. Muturi, huyu nilimwosha kwa beseni yako. Sitaki kusikia uongo kwa nyumba hii, na sitaki kusikia ukweli nikiwa nimesimama, nitaanguka. Ongeeni.

Nikatoka. Nikafunga mlango na ufunguo.

Cate ananiuliza, cucu, umefanya nini? Nimemwambia geuza kuku, inaungua.

Nikasikia kiti. Nikasikia Muturi akikohoa kama babake. Lorna alimwuliza, ni pesa? Akasema hapana. Ni mwanamke? Hapana. Halafu akaanza. Lorna, akasema, wewe unajua mimi natoa vitunguu Illasit. Akasimama hapo. Akaanza tena, ikakwama hapo hapo kwa vitunguu.

Nimeweka sikio kwa mlango. Mlango ni wa mbao nyepesi, unasikia kila kitu.

Lorna amevuta pumzi. Sauti yake imebadilika, si ile ya kula kuku. Amesema:

— Ndugu yangu, ngoja. Kabla hujaendelea. Hii kofia ya kazi niivue, ama nibaki nayo?

Muturi hajajibu.

Cate amezima gesi ndio tusikie. Najua Muturi hapumui, kwa sababu na mimi sipumui.