Siku Solange Alitembea Bangkok

Siku ya kwanza, tarehe 6

Solange iko Bangkok! Maziwa imemwagika yote ku moto sababu nilisoma ujumbe wake mara tatu. Imwagike. Infirmiere, muuguzi wa Buleusa, muntu wa kwanza wa famili yetu kupanda ndege! Wakubwa wake wa kazi walimutuma ku mafunzo, formasio ya malaria ya siku mbili. Kati ya wote walichagua mutoto yangu. Mimi niliishia mu darasa ya ine ya primeri, lakini kichwa ile ilitoka kwangu. Papa yake asikasirike.

Nilionyesha foto yake mu soko yote ya Mushaki. Nilipatia watu namba yake, wamusalimie wenyewe. Mama Kavira, ule wa Butembo mwenye duka, alisema: "Mama Solange, hata mbuzi za Mushaki sasa ziko na namba ya binti yako." Wivu. Namupenda hivo hivo.

Siku ya pili, tarehe 7

Formasio imeisha. Kesho iko na siku muzima ya bure, ndege ni kesho kutwa. Anasema atatembea muji peke yake, begi ku mugongo. Nilimuuliza nani anakufukuza. Alicheka sana. Huku mwenye begi ku mugongo anakimbia vita. Kumbe kule watu wanabeba kwa kupenda. Wanatoka mbali juu tu ya kubeba begi.

Papa yake iko Burungu na ngombe. Nimemuambia ashuke hapa Mushaki mpaka mudomo imekauka. Kichwa ngumu. Wanasema bunduki inalia kule.

Siku ya tatu, tarehe 8

Asubui foto tano. Solange mbele ya hekalu ya rangi ya zahabu. Solange mu mutumbwi, wamama wanauzisha matunda juu ya maji. Solange na sahani ya panzi wa kukaanga! Na wao wanakula panzi! Nilicheka peke yangu kama mujinga.

Saa ine Gaspard alifika, mudogo wa bwana yangu. Kwa miguu toka Burungu, kiatu moja tu. Jana wenye bunduki walichukua ngombe zote. Papa Solange alikatala kuachilia kamba ya ngombe ya mwisho. Walimupiga risasi. Majirani walimuzika pale pale, haraka, kabla ya kukimbia.

Amekufa. Bwana yangu amekufa.

Foto ingine iliingia. Watawa wa kule, musitari murefu, kichwa ya kunyolewa. Huku kichwa ya kunyolewa njo sura ya famili yenye kufiwa. Nilitupa telefone ku kitanda.

Gaspard anataka kumupigia Solange. Nilikatala. Muntu wa safari haambiwe kifo kwa telefone. Anafika, anakalishwa chini, ndugu anamushika mabega, kisha njo anaambiwa. Akisikia peke yake mu barabara, nani atamushika?

Nilimuandikia: Foto ni nzuri, mama. Papa anakusalimia.

Tarehe ile ile, mangaribi

Solange ameisha kujua. Mama Kavira alisikia habari mu soko, akamupigia. Kwa huruma, anaapa. "Pole, binti. Papa yako alikuwa muntu muzuri." Solange alikuwa ku soko ya kule, anachagulia papa yake kofia. Alikaa chini katikati ya watu. Mama moja wa kule, hawasikilizane hata neno, alimuletea maji akamushika mukono.

Alinipigia. Hakulia. Aliuliza tu: "Mama, papa ananisalimia toka wapi?"



Nachukia Mama Kavira. Nachukia wenye bunduki na tumbo zao zisizojaa. Lakini namba ilitoka kwangu. Kwa majivuno yangu. Nachukia hii mudomo.

Siku ya ine, tarehe 9

Watu wamejaa mu nyumba. Pole, pole, pole. Wengine wanauliza kama Solange atawaletea vikwembe, vitenge za kule. Muntu mubaya hakose ku kilio.

Hata mimi bibi ya marehemu sikutupa udongo ku kaburi. Barabara ya Burungu imefungwa.

Mama Kavira alileta muchele. Sikumuangalia. Aliosha sufuria zote bila kuambiwa, akaenda.

Solange hajibu ujumbe.

Siku ya posho (jumamosi), tarehe 11

Solange ameshuka Goma tangu jana. Iko kwa dada yangu. Hajasema na mimi.

Siku ya yenga (jumapili), tarehe 12

Mvua tangu asubui. Nilienda misa, nikarudi. Mama Kavira alitembea kando yangu mpaka ku mulango. Nilimuambia aingie.

Solange ameandika. Anasema habari ile ya telefone hataihesabu. Anataka nimukalishe chini, nimuambie mwenyewe, kwa mudomo yangu, mwanzo mpaka mwisho, vile inapasa. Mbele ya watu wetu wote.

Nimejibu: ndiyo, mama.

Gaspard anapeleka habari. Kwa wa Burungu wenye kukimbia, wenzake wa kazi wa Buleusa, dada yangu wa Goma. Wote wanakuja hapa na Solange siku ya ine (alhamisi), tarehe 16.