Mzingile wa Zafarani

Wadgaon, 11 Juni 1974

Mama yangu,
Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje? Sisi wazima, mvua imeanza.
Nimeomba tena nije kujifungulia kwako, kama mabinti wote. Mama mkwe kakataa. “Mara ya kwanza ulikwenda kwa huyo mkunga mama yako, ukarudi mikono mitupu. Safari hii mjukuu wangu atazaliwa hapa.” Bhaskar kasema mama ndiye anayejua, unamjua mume wangu mbele ya mama yake. Naogopa.
Binti yako, Sulochana

Nandur, 19 Juni

Sulo mwanangu,
Marahaba. Magoti ni yaleyale, lakini nakula vizuri. Mkweo usimchukie, hata mimi nikifumba macho namwona yule mtoto.
Nakutumia mzingile, mchoro wa njia ya kuzungukazunguka, alionifundisha bibi yako, uleule uliochongwa kwenye jiwe la hekalu letu, na hakuna anayejua nani aliuchonga. Uchungu ukianza, uchore kwa zafarani kwenye sahani ya shaba, uufuate kwa kidole mpaka katikati, kisha utoke. Njia ni moja tu. Ukikaribia kufika itakutupa pembeni kabisa; hapo ndipo wanawake husema hawawezi. Usiinue kidole. Mwisho uuoshe kwa maji, uyanywe.
Lakini sikiliza: mzingile unashika moyo, haugeuzi mtoto. Mguu ukitangulia, hospitali. Mwambie Bhaskar, mama yake akisikia.
Mama yako

Wadgaon, 1 Julai

Mama, shikamoo. Naandika haraka, mwenye baiskeli anasubiri. Uchungu umeanza alfajiri. Mama mkwe kaninyang'anya sahani: “Uchawi wa kwenu hauingii nyumbani kwangu!” Bhaskar anasema tungoje. Mto umejaa. Njoo ukiweza.
Sulo

Nandur, 4 Julai

Mwanangu,
U hali gani? Nilikimbilia mtoni nilipopata barua yako. Daraja limezama, hakuna aliyekubali kunivusha. Barua hii nampa dereva wa lori anayepitia barabara ya juu; abiria hachukui. Niandikie hata neno moja. Hata likiwa lile la mara ya kwanza, niandikie.
Mama yako

Wadgaon, 16 Julai

Mama yangu,
Shikamoo, na unisamehe. Mkono wangu ndio kwanza umepata nguvu.
Jioni ile mguu ulitangulia. Mama mkwe alipouona akamgeukia mwanawe: “Washa trekta! Unangoja tumzike na huyu?” Wakanilaza kwenye trela, mvua inapiga. Njiani nikapiga kelele kwamba siwezi tena. Mama mkwe akakamata kiganja changu, akaanza kuchora kwa ukucha, ndani, nje, tena ndani, bila kukosea. Mzingile, Mama!
“Fuata,” akasema. “Usinitazame mimi, fuata!”
“Umejifunza wapi?”
“Kwa mama yangu. Nimeufuata kwa watoto wanne, nimebakiwa na huyu anayeendesha. Nikaapa sitauchora tena.”
Aliuchora mpaka hospitali. Daktari alinipasua. Ni msichana. Alikawia kulia, bibi yake akamtukana matusi yote anayoyajua mpaka akalia.
Tangu turudi hampi mtu mtoto. Jana mtoto yu mapajani mwake, akaniambia bila kuinua uso: “Daraja limetoka majini. Mwandikie mama yako aje amwogeshe huyu. Mimi mikono inanitetemeka.”
Binti yako, mama mtoto