Kiti cha Nyuma Yako

Fort Wayne, Indiana
15 Februari

Kaka yangu mpendwa Wade,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu imezoea buti, na yule sajenti aliyekuita Mti wa Ufagio amepata mwingine wa kumtania. Sisi hatujambo. Magoti ya Bibi Arlene yanamsumbua kwa sababu ya theluji, lakini ulimi wake hauumwi. Mafua ya Mama yameisha. Tobin amepoteza jino jingine la mbele, na siku hizi akicheka anafanana na sanduku la barua.

Nataka kuanza na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Mimi sijawahi kupanda Dhoruba, ile treni ya kuporomoka. Hata mara moja. Mara zote nne tulizokwenda kwenye bustani ya michezo ya Titan Bay nilipanga foleni nyuma yako na Baba, kitabu mkononi, mpaka kwenye jukwaa la kupandia. Ninyi mlipokwisha kufungwa vyuma vya mabegani kwenye kiti cha mbele, mimi niliingia kiti cha nyuma yenu kwa upande huu nikatokea kwa upande wa pili, kwenye kile kimlango chenye ngazi ambacho watu hukiita mlango wa waoga. Nilishuka mbio, nikazivuruga nywele zangu kwa vidole, nikawasubiri kwenye njia ya kutokea huku nikihema. Kila mara ulinipiga bega ukaniuliza kama nimeuona ule mporomoko wa mwisho. Nilikujibu kwamba nimeuona. Nilikuwa nimeuona kweli, kutoka chini.

Nimekuambia hilo kwanza kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Na nakuomba sana, kama barua ya Tobin au ya Baba imekufikia kabla ya hii, usiijibu mpaka umalize kusoma yangu.

Unajua nyumba yetu inavyokuwa kila Januari, tukijiandaa kupiga kura ya likizo: Titan Bay, au Lanternwood, bustani ya ng'ambo ya barabara. Mwaka huu imezidi, kwa kuwa hiyo wiki ya Aprili ndiyo peke yake tutakayokuwa nawe kati ya gwaride lako la kuhitimu na safari yako ya Korea. Kila mtu alitaka iwe wiki ya kukumbukwa, na kila mtu alikuwa na hakika kwamba mwenzake angeiharibu. Baba alitengeneza jedwali kwenye kompyuta. Upande wa Titan Bay aliandika kwamba mgeni wa hoteli hupewa bangili inayofungua mlango wa chumba na kumpitisha foleni fupi, na kwamba vitanda vya watoto vimepangwa kama melini. Upande wa Lanternwood aliandika neno moja tu: usingizi. Mama alilikuta jedwali hilo, akajaza nafasi iliyobaki kwamba Lanternwood wageni wa hoteli huingia saa nzima kabla ya wengine, kwamba basi huwachukua mlangoni, na kwamba asubuhi kuna chapati za maji zenye uso wa bundi. Kisha akamwambia Baba, "Russ, una miaka arobaini na saba na mgongo wa miaka themanini. Ukipanda lile dude tutakurudisha Indiana ndani ya begi." Baba akamjibu kwamba afadhali begi kuliko kufa kwa kupiga miayo ndani ya mtumbwi wa plastiki.

Bibi alikuwa akimenya viazi. Alisema yeye amezaa, amezika, na ameendesha basi la shule miaka ishirini na sita, kwa hiyo hamhitaji mtu wa kumpindua miguu juu ili ajue kwamba yu hai.

Mimi, kama unavyonijua, nilinunua daftari. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: mahali pawili pametenganishwa na barabara moja kuu, jua ni lile lile, soseji ni zile zile, kwa nini watu wagombane hivi? Nilisoma maoni ya wageni mia mbili na kumi. Niligundua kwamba wanaoisifia Titan Bay hueleza walichofanyiwa: walirushwa, walizungushwa, walimwagiwa maji. Wanaoisifia Lanternwood hueleza nani alikuwa kando yao. Nilipomsomea Mama akasema ndiyo hasa hoja yake. Nilipomsomea Baba akasema watu wa Lanternwood hutazamana kwa kuwa hawana kingine cha kutazama. Nikamwuliza Bibi anapenda nini kwenye mtumbwi wa taa za karatasi wa Lanternwood, maana kila tukienda husinzia kabla ya daraja la pili. Akasema anapenda kuamka akatukuta wote bado tumo.

Hilo niliandika kwenye ukurasa wake peke yake.

Tobin hana kura, na hilo limemtia uchungu. Amebakiza nusu inchi tu afike mstari wa inchi arobaini na nane kwenye mwimo wa mlango wa stoo, na sheria ya marehemu Babu Norbert haijabadilika: mashine isiyokupandisha, kura hupigi. Alining'inia kwenye fimbo ya kabati la nguo wiki nzima ili arefuke. Fimbo ndiyo iliyoshuka. Alisema atamwandikia gavana. Bibi akamwambia aandike, na asisahau kutaja urefu wake.

Tulipiga kura Jumapili iliyopita, kabla ya fainali ya mpira, kama kawaida. Sufuria ya maharage na nyama ilikuwa jikoni, kopo la bisi la Krismasi lilikuwa mezani likisubiri karatasi. Nilipokuwa naandika yangu Baba aliegemea kiti changu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwaka huu tena ni yeye, wewe na mimi, timu moja. Nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza ya Lanternwood. Nikaigeuza ile herufi, nikaandika Titan Bay.

Nikazisoma moja moja, kama karani wa kura. Baba, Titan Bay. Mama na Bibi, Lanternwood. Yangu, Titan Bay. Mbili kwa mbili. Ikabaki yako, ile karatasi uliyoikunja ndani ya barua yako ukaandika juu yake kwamba asiifungue mtu ila Karani. Niliifungua mbele yao wote, nikaisoma kwanza kimya, kisha nikasema: Lanternwood.

Najua umeisoma sentensi hiyo mara mbili. Ngoja kidogo, nitaifikia.

Mama alipiga makofi mara moja, akaacha alipoona uso wa Baba. Tobin aliteleza kutoka kitini mpaka chini ya meza. Kutoka huko tulisikia kwamba Wade ni msaliti, kwamba jeshi limemlainisha kama siagi, na kwamba hamtaki tena kuwa kaka yake. Baadaye alipanda ngazi akaigeuza picha yako ya sare ikatazama ukuta. Siku iliyofuata alikuandikia barua. Alikataa nimsahihishie makosa, ila aliniuliza neno "msaliti" linaandikwaje.

Baba alitazama mpira bila kumpigia mtu kelele, na unajua hilo si la kawaida. Jana asubuhi alikwenda gereji kubadilisha mafuta ya gari. Nikampelekea kahawa. Aliniuliza, bila kutoa kichwa chini ya boneti, kama mwandiko ulikuwa wako kweli. Nikasema ulikuwa wako. Akauliza kama haukuwa unatetemeka. Nikasema hapana. Akasema hujawahi kuipigia kura Lanternwood tangu uzaliwe, hata ulipokuwa na mguu kwenye plasta, na kwamba kijana habadiliki hivyo kwa wiki tano bila sababu. Amekuandikia kukuuliza kama kuna mtu anakutesa huko. Alisema amefikiria pia kumpigia simu mchungaji wa kambi.

Kila nilichomjibu kuhusu mwandiko kilikuwa kweli, na ndicho kilichonichoma.

Nilipanda ngazi polepole. Unakumbuka zile picha nne za Dhoruba ukutani, zile wanazowapiga pale inapoporomoka? Nimezipita kila siku ya maisha yangu nikitazama pembe ya fremu inayokificha kile kiti kitupu cha nyuma yenu, nikimshukuru Mungu kwa fremu nene. Jana, kwa mara ya kwanza, nilizitazama nyuso zenu. Wewe unacheka katika zote. Baba amefumba macho katika zote. Si kufumba kwa upepo, Wade. Amefumba kama mtoto anayesubiri sindano.

Nikarudi gereji nikamwuliza. Alicheka mpaka akagonga kichwa. Akasema analiogopa lile dude kuliko anavyomwogopa bosi wake, na kwamba hajawahi kuuona mporomoko wa mwisho. Nikamwuliza basi kwa nini. Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. Akasema mara ya kwanza ulikuwa na miaka tisa, ulimshika mkono wakati wa kupanda kile kilima, ukamwambia asiogope, uko naye. Akasema tangu hapo hushiki mkono wa mtu, isipokuwa pale juu. Mwaka huu alikuwa amejiandaa kufumbua macho.

Sasa niseme. Karatasi yako iliandikwa Titan Bay, kwa herufi kubwa, na chini yake uliandika: Corrie, kiti cha nyuma yangu ni chako, kama kawaida. Niliposoma maneno hayo, niliona tena lile jukwaa, na kile kimlango, na mimi nikivuruga nywele nikiwa na miaka kumi na mitano. Nikafungua mdomo nikasema uongo kwa jina lako.

Jambo ninaloshindwa kulimaliza kichwani ni hili. Laiti ningeandika nilichotaka kwenye karatasi yangu mwenyewe, Lanternwood ingeshinda tatu kwa mbili, kihalali, na usingeitwa msaliti na mtu. Sikuhitaji kukuibia kura. Nilihitaji kutumia yangu. Lakini niliona afadhali watu wakushangae wewe uliye mbali kuliko wanishangae mimi niliye mezani. Nisamehe, kaka.

Nimeweka kalamu chini hapa. Nashuka jikoni sasa hivi kabla sijapata sababu ya kutoshuka.

Nimerudi. Imepita saa moja na nusu hivi.

Niliwakuta wote jikoni wametoka kanisani, Mama akikaanga mikate ya jibini. Niliweka karatasi yako mezani karibu na chupa ya tomato, nikawaambia yote, hata kuhusu kimlango na nywele. Nilizungumza nikitazama ile chupa. Baba aliisoma karatasi, akaikunja palepale ulipoikunja, akaketi. Sikuweza kujua kama ana hasira au amepumua. Nadhani yote mawili. Mama aliuliza tu, "Mara nne, Corrie?" kisha mkate ukaungua. Bibi alisema alijua zamani, maana mtu aliyetoka kwenye kimbunga nywele zake haziwezi kulala upande mmoja.

Tobin alipanda ngazi mbio. Tulimsikia akiiomba picha yako msamaha kwa sauti kubwa. Aliporudi alinitangazia kwamba yako ameigeuza ikatazama mbele, na yangu ameigeuza ikatazama ukuta, na itakaa hivyo mpaka Pasaka.

Mama alinipa karatasi mpya. Niliandika Lanternwood, herufi zote, Baba akiwa ameketi mbele yangu. Kwa hiyo matokeo ni yale yale, ila sasa kila kura ina mwenyewe: tatu kwa mbili. Baba alisema matokeo ni matokeo. Kisha akasema kwamba barabara kuu ni barabara tu, na kwamba siku moja kati ya zile tano za likizo yeye na wewe mtaivuka mwende kwenye Dhoruba, mkinywa kahawa mapema ili mrudi kabla Bibi hajaamka kwenye mtumbwi. Nikamwambia nitakuja nanyi. Sitapanda. Nitakaa kwenye benchi chini, mahali mnapoweza kuniona, na nitawaambia mporomoko wa mwisho ulikuwaje, maana mimi ndiye ninayeujua vizuri kuliko wote.

Nimevuliwa ukarani. Ameupata Tobin, kwa kuwa sheria ya Babu haisemi kitu kuhusu urefu wa anayehesabu. Ameanza kutudai kalamu.

Bibi anakusalimu na anasema ule mboga. Mama anakusalimu na anasema atakuandikia kesho. Baba anakusalimu, anaomba barua yake ya kwanza uichane, na mchungaji wa kambi hatapigiwa simu. Tobin hakusalimu kwa sababu anasema ameshakusalimu kwenye picha. Nasubiri jibu lako, hata likiwa kali.

Karatasi yako ya kura nimeirudisha humu ndani, ikiwa na mkunjo wake. Bahasha nimeifunga mara mbili kwa gundi. Sasa navaa buti, napita kwenye theluji mpaka barabarani, naiweka sandukuni na kukiinua kile kibendera chekundu, ili tarishi asiipite.

Mdogo wako,
Corrie