Nimemdanganya Dada kwa Sababu ya Meno ya Watu

Mpendwa mshauri, niokoe kabla ya Jumatatu, maana nimemdanganya dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama alipofariki na kunisomesha kwa kushona nguo za watu, na uongo wenyewe sasa umeota miguu. Miaka mitatu iliyopita niliingia kwenye kliniki moja kutengeneza meno bandia, kazi ya kujishikiza tu nikisubiri ofisi, na kusema kweli nilikuwa naona kinyaa, unashinda na unga wa plasta ya kutengenezea kalibu kwenye nywele, unachonga nta, unasugua ufizi bandia wa watu usiowajua, nikiulizwa nafanya kazi gani nasema niko hospitali, basi. Mwaka jana akaja bibi mmoja asiye na meno kwa miaka sita, aliyekuwa akiziba mdomo kwa kiganja kila akitaka kusema, meno yake niliyarudia mara nne kwa sababu yalikuwa yanamchubua, siku ya mwisho akayavaa, akajitazama kwenye kioo, kisha akamgeukia mumewe akamwambia, "Haya mzee, yale maneno yako ya miaka sita, leo nitakujibu yote," mzee akacheka mpaka akaomba kiti, bibi naye akacheka mdomo wazi, mkono ukiwa mapajani, nami nikakimbilia ndani nikajifanya natafuta brashi kumbe nalia. Tangu siku hiyo nafika kazini kabla mlango haujafunguliwa, na njiani naangalia midomo ya watu mpaka wengine wanadhani nimewapenda. Sasa dada akanihangaikia, nikaitwa kwenye usaili wa ukarani, nikavaa vizuri, nikafika mpaka kwenye ngazi za ile ofisi, nikageuka nikarudi. Nikamwambia nimefeli. Amelia, mshauri, na Jumatatu anakwenda kumwona mkuu wa ofisi amuulize kwa nini wamenionea. Nifanyeje?

Fundi Meno

Fundi Meno,

Nimecheka, kisha nimekasirika, kwa hiyo nianze na hasira. Mwanamke aliyekulea anajiandaa kugombana na watu wasio na kosa, na wewe umekaa unaandikia gazeti. Kwenye ngazi hukukosea. Ulikosea ulipofika kwa dada.

Kuhusu kazi, usidhani ni kicheko cha bibi kilichokugeuza. Mtu anayeona kinyaa harudii meno mara nne. Ulikuwa umeshaipenda hujajua. Ndivyo inavyotupata wengi. Mimi safu hii nilipewa nimshikie mwenzangu aliyekwenda likizo ya uzazi, na mtoto mwenyewe sasa ananyoa ndevu.

Lakini dada yako angejuaje? Umemfichia kazi yako kama ugonjwa, naye anahangaika kukutoa humo. Mwalike kliniki, umweke karibu na meza yako, afuate vidole vyako kwa macho. Ni mshonaji, akiona mkono unaopenda kazi ataujua.

Hilo ni baadaye. Leo hii nenda kwake. Usibebe zawadi, atashtuka. Mwambie, "Dada, sikufeli, sikuingia kabisa." Habari za bibi ziache kwanza, utaonekana unajitetea. Kesho yake iandikie ile ofisi uombe radhi kwa kutofika, wewe mwenyewe, kwa jina lako.

Na dada akifoka, kaa. Akinyamaza, kaa vilevile. Usitoke kwake mpaka mmekula pamoja.