Kadi ya Sauti ya Baba

Isaka, 11 Agosti 1999

Kaka Ngassa,

Shikamoo. Hapa ofisini malori ni mengi, vumbi nalo halipungui.

Nimechagua kadi ya sauti ya bei nafuu ya kuweka ndani ya kompyuta, tumrekodi Baba akiimba. Ile nzuri dukani kwa Tanvir haitambuliwi na Linux, ile programu ya kuendesha kompyuta uliyotuwekea, na kungoja hatuwezi. Hii inatambuliwa, ila inavuma. Baba alicheka: "Hata bati huvuma mvua ikinyesha, na bado tunaimba."

Jumatatu anapasuliwa koo Mwanza. Daktari aliniambia mimi peke yangu kwamba sauti haitabaki. Baba anajua ni uvimbe tu. Jana aliimba nyimbo mbili, akachoka, akasema zilizobaki tutarekodi akirudi.

Nikamwitikia, "Ndiyo, Baba," nikazima kompyuta.

Mdogo wako,
Limi